Uniulize Tena, Baba

Bweni la Wanawake,
Kiwanda cha Mavazi Nyota ya Bonde,
Lumemo, Ifakara.
14 Januari 2024

Mpendwa baba,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi mzima wa afya, sina neno, wasiwasi wangu ni wewe na lile paa la jikoni ulilosema utaliezeka kabla ya mvua. Kama hujaliezeka usinifiche, maana Mama Siwema wa samaki ataniambia tu. Barua zako anazozileta zinanuka kambale mpaka wenzangu wananiuliza baba yangu ni mvuvi au katekista. Nawaambia ni katekista mstaafu wa Mofu aliyeondolewa masikio na homa, simu haimfai, na ujumbe wa simu hautaki kwa sababu hauna nafasi ya salamu. Wanacheka. Hata hivyo simu zetu zinakaa getini kwenye sanduku mpaka Jumapili, na barua zinazoingia zinapitia ofisini kwanza ndipo tunapewa.

Uliniuliza nashona nini hasa. Kola, baba. Mwaka wa pili sasa nashona kola za mashati tu, themanini kwa saa. Salha, ambaye cherehani yake iko kushoto kwangu, anashona mikono. Shati zima sijawahi kulishona. Yakikamilika yanapakiwa kwenye makontena yanakwenda Ulaya.

Tuko wanawake arobaini kwenye Laini ya Nne, na kuna kibao kimoja cha mbao kilichoandikwa CHOO. Aliyekishika ndiye anayeruhusiwa kuinuka. Akirudi anakitundika kwenye msumari mezani kwa msimamizi wetu, Balbina, na mwingine anakiwahi. Ukikipata mara moja kwa siku, shukuru. Kwa hiyo tumejifunza kutokunywa maji tangu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Joto la mabati likipanda kichwa kinauma, lakini Balbina ana vidonge vya maumivu tele kwenye droo, anatugawia viwiliviwili kama pipi.

Nakuandikia kwa jambo moja. Mwezi ujao wanakuja wakaguzi, watu waliotumwa na wenye maduka huko Ulaya, kuuliza tunafanyaje kazi. Kila laini inatoa mtu mmoja wa kuzungumza nao, na Balbina amenichagua mimi kwa sababu, anasema, nina adabu. Salha anasema niseme yote: kibao, maji, vidonge. Anasema wakiandika vibaya kiwanda kinalazimika kurekebisha. Mimi naogopa. Lakini baba, mkojo wangu siku hizi unachoma, na usiku kiuno hakinipi usingizi, na sijui nitanyamaza mpaka lini. Wewe umepokea wageni wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Niambie nisemeje.

Mwanao mtiifu,
Eveline


Mofu,
29 Januari 2024

Eveline mwanangu,

Milele amina. Marahaba. Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto unajifanya mzee kuliko mimi. Paa nimeliezeka. Mwambie Mama Siwema atafute umbea mwingine.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na jana baada ya ibada nikawasomea watu kile kipande cha kola kwenda Ulaya. Sauti yangu siisikii lakini nyuso nilizitazama. Fulgensi, yule aliyesema binti wa katekista amekwenda kuharibika mjini, aliangalia miguu yake mpaka mwisho. Kipande cha choo sikukisoma. Mambo ya choo hayasomwi kanisani, wala baba haandikiwi, ila nakusamehe kwa kuwa mama yako hayupo. Huo mkojo unaochoma ni baridi ya sakafu ya saruji. Vaa soksi.

Sasa sikiliza. Unakumbuka mwaka wa mafuriko, ulipokuwa na miaka saba, walipokuja wale wageni na lori la unga? Niliwapanga watoto wote mbele ya kanisa. Mgeni mmoja mnene akakushika kichwa akakuuliza, "Mmekula?" Ukajibu, "Tumeshiba, asante, karibuni." Na ulikuwa hujatia kitu mdomoni tangu jana yake. Machozi yalinitoka kwa furaha. Wageni wakaona hapa hapana njaa, wakaendelea na lori lao mpaka Mchombe. Tulikaa siku nne kwa maji ya chumvi, lakini mpaka leo hakuna anayeweza kusema watoto wa Mofu ni ombaomba.

Basi na hao wa Ulaya ni vilevile. Mgeni akiuliza habari, jibu ni nzuri. Hata maiti ikiwa ndani, jibu ni nzuri. Bibi yako siku babu yako amelazwa ukumbini alijibu hivyo hivyo, nzuri, kisha ndiyo akasema, ila tumefiwa. Hiyo "ila" ina wakati wake. Mgeni anakaa, anapewa maji, anapumzika, halafu anakuuliza mara ya pili kwa sauti ya chini: kweli hali ikoje? Hapo unamweleza, taratibu, bila kulialia. Usitangulize shida mbele ya salamu. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuuliza mara moja akaondoka.

Huyo Salha ni binti wa nani? Mama Siwema anasema ni wa lile duka la vitenge karibu na sokoni. Watu wa duka wanataja bei kabla ya salamu, ndiyo biashara yao, siwalaumu. Wewe hukulelewa dukani.

Na unitafutie shati moja ulilolishona kola. Nalitaka Pasaka.

Baba yako,
Stanislaus


Lumemo,
18 Februari 2024

Mpendwa baba,

Tumsifu Yesu Kristo na shikamoo. Mimi mzima, sina neno.

Wageni walikuja Alhamisi. Siku mbili kabla tulipigishwa deki, tukapewa vitambaa vipya vya kichwa, na vibao vya choo vikawa sita kwenye msumari mmoja. Mkaguzi ni mama wa Kizungu, mpole, na kijana wa kumtafsiria aliyetoka naye Dar es Salaam. Mama alikuwa na kishikwambi mkononi. Nilikuwa nimeweka kiti, baba. Nilikifuta kwa kitambaa changu, nikaweka na chupa ya maji juu ya fungu la kola.

Kijana akaniuliza, "Habari za kazi, dada?" Nikasema nzuri. Akauliza, "Maji ya kunywa?" Nikasema yapo, tunashukuru. Akauliza, "Vyoo?" Nikasema vipo. Mama wa Kizungu akagusa kishikwambi mara tatu, akatabasamu. Nikamwambia karibu ukae. Kijana akamtafsiria, mama akasema asante, akanipiga picha, wakaenda Laini ya Tano.

Nilisubiri waulize mara ya pili. Nilisema labda wanamaliza laini zote kwanza, ndipo watarudi wakae. Walipofika mlangoni nikainuka kuwafuata na Balbina akanikamata kiunoni, pale pale panapouma, akasema, "Rudi kwenye mashine, umeshaongea vizuri." Nikarudi. Chupa ya maji ilikuwa bado imefungwa. Salha aliichukua akainywa yote ananitazama, kisha akarudi kwenye mikono yake.

Ijumaa tuliitwa mkutanoni. Meneja alisema tumefaulu kwa alama za juu, na kwa kuwa wafanyakazi wenyewe wamesema hali ni nzuri, tageti ya kola sasa ni mia moja kwa saa. Vile vibao vitano vimerudishwa stoo. Wamebandika picha yangu getini, imeandikwa chini yake kwa maneno makubwa, KAZI NI NZURI.

Nimekuwa nikiufikiria ule unga, baba. Yule mgeni mnene naye aliuliza mara moja tu. Sikulaumu, nimekumbuka tu.

Shati nitaliulizia. Hawaruhusu kutoka nalo.

Mwanao,
Eveline


Lumemo,
3 Machi 2024

Baba Eveline,

Mimi ni Salha. Sina muda wa salamu, Mama Siwema anaondoka sasa hivi na ndoo zake, na barua hii namkabidhi mkononi ili mtu wa ofisini asiione.

Njoo umchukue mwanao. Miguu yake imevimba, ukiibonyeza kwa kidole linabaki shimo. Mkojo wake ni wa rangi ya chai ya rangi, nimeuona mwenyewe. Anakula vile vidonge vya Balbina sita kwa siku ndiyo anaweza kukaa kwenye kiti. Nimemwambia aende hospitali, anasema atasubiri ruhusa. Ruhusa haitolewi mpaka kontena la mwisho wa mwezi liondoke, na likiondoka linakuja lingine. Tulikuwa na mwenzetu mmoja Laini ya Pili alianza hivihivi, akarudishwa kwao Mahenge, hatukumsikia tena.

Akikuandikia kwamba ni mzima usimwamini. Anakuogopa. Anaogopa utasema amelalamika. Njoo wiki hii.

Salha Twalib


Mofu,
11 Machi 2024

Binti Salha,

Mimi nakusalimu, ingawa wewe hukuona haja. Hujambo? Wazazi wako hawajambo? Mimi ni mzima.

Nina miaka sitini na saba. Nimeandikiwa na mapadre, na mabwana shamba, na hata watu niliogombana nao kwa mipaka ya mashamba, lakini sijapata kuandikiwa na mtoto wa rika la mwanangu barua isiyo na shikamoo. Na maneno yenyewe ni ya mkojo. Niliikunja haraka asije akaiona mtu.

Mwanangu ameniandikia kwa mkono wake kwamba ni mzima na hana neno. Nimwamini nani, yeye au wewe? Picha yake iko getini, yako haipo. Hilo nalielewa, wivu ni wa binadamu. Ulimshauri awatangulizie wageni shida na yeye akakataa, sasa unataka nije nimwondoe kazini kwa aibu. Sitakuja. Mvua imeshaanza, mpunga unataka kupaliliwa, na mwanangu ana adabu ya kutosha kujitetea.

Nakuomba umwache afanye kazi yake, na ulimi wako uutumie dukani kwa baba yako.

Wako katika Kristo,
Stanislaus Beatus, Katekista


Lumemo,
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Mpendwa baba,

Tumsifu Yesu Kristo na shikamoo. Mimi mzima, sina neno. Natumaini mguu umepungua kujifanya.

Barua uliyomwandikia Salha aliyeipokea ni mlinzi, kwa kuwa Mama Siwema alikuwa anawahi soko, basi ikapita ofisini kama kawaida. Waliisoma. Walimwita Jumatano na hakurudi kwenye cherehani. Ameondolewa kwa kusema siri za kiwanda nje. Alipita bwenini kuchukua godoro, akanikumbatia, akasema, "Baba yako anaandika vizuri sana." Hakusema kwa ubaya. Au alisema kwa ubaya, sijui, nilikuwa nimechoka.

Yeye ndiye aliyekuwa ananishikia kibao. Akikiwahi yeye alikuwa hakitumii, ananipa mimi chini ya meza. Sasa kushoto kwangu amekaa msichana mgeni anayeogopa hata kukohoa.

Utanikuta nimenenepa, baba. Uso umejaa, viatu haviingii. Wenzangu wananitania kwamba nakula vizuri.

Nina ombi, na ukilikataa sitakasirika. Ulisema mtu mwenye akili huuliza mara ya pili. Hapa hakuna aliyeniuliza. Wewe ukinijibu barua hii, baada ya salamu zote, uniulize tena.

Heri ya Pasaka. Shati bado.

Eveline


Mofu,
6 Mei 2024

Eveline mwanangu,

Milele amina, marahaba. Barua yako ya Matawi imenifikia juzi. Maji yalikula barabara wiki tano, tulikuwa kisiwa, Mama Siwema alikaa huku anauza samaki kwa watu walewale waliowavua. Kanisa lilifikiwa mpaka ngazi ya pili. Mpunga wa bondeni umekwenda, wa juu umebaki. Mimi ni mzima.

Nimefurahi mno kusikia umenenepa. Nimewaonyesha watu barua. Mama Siwema naye kaniletea karatasi ya kiwanda yenye picha yako na yale maneno, KAZI NI NZURI, nimeibandika ukutani upande wa kulia wa Bikira Maria. Fulgensi alikuja kuiangalia akasema umefanana na mama yako. Mama yako alikuwa mwembamba, lakini nilimwacha.

Habari ya Salha imenisikitisha kidogo. Sikukusudia afukuzwe. Lakini mtu anavuna ulimi wake, na wewe utapata rafiki mwingine mwenye staha.

Mwishoni umeniandikia mambo ya mafumbo, eti nikuulize tena. Ni uchovu huo, au unanitania kama ulivyozoea. Haya, nakuuliza tena: hujambo? Nadhani sasa roho yako imetulia.

Baba yako,
Stanislaus


Mofu,
10 Juni 2024

Kwa Afisa Utumishi,
Kiwanda cha Mavazi Nyota ya Bonde,
Lumemo.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, wewe na familia yako na wote mnaofanya kazi hapo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Natumaini nanyi hamjambo.

Baada ya salamu, ni hivi. Mimi ni baba wa Eveline Stanislaus wa Laini ya Nne. Tarehe 17 Mei Mama Siwema, muuza samaki, alimkuta mwanangu amekaa nje ya geti lenu juu ya godoro lake, hawezi kusimama. Mfukoni alikuwa na barua yangu ya tarehe 6, imeshafunguliwa. Mlinzi alisema ameanguka kwenye mashine tangu jana yake na ofisi imemaliza naye.

Tulimfikisha hospitali. Daktari aliniandikia kwenye karatasi, kwa kuwa sisikii, kwamba figo zote mbili zimeacha kazi. Ameandika sababu tatu: kukaa bila maji kwenye joto kwa muda mrefu, uchafu wa mkojo uliopanda juu bila kutibiwa, na vidonge vya maumivu vya kila siku. Anatakiwa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, mbali na hapa, maisha yake yote. Mimi sina uwezo huo. Nimemrudisha nyumbani.

Naomba kwa unyenyekevu kiwanda kimtibu. Yeye hana makosa. Alifanya kazi yenu kwa adabu, hata ninyi mliibandika picha yake.

Wenu mtiifu,
Stanislaus Beatus


KIWANDA CHA MAVAZI NYOTA YA BONDE
25 Juni 2024

Mzee Stanislaus Beatus,
Mofu.

YAH: OMBI LA MATIBABU YA EVELINE STANISLAUS

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Tunashukuru kwa salamu zako na tumefurahi kusikia kuwa u mzima.

Ofisi imepitia jalada la mhusika na inakujulisha kama ifuatavyo. Tarehe 15 Februari 2024 mhusika alihojiwa na mkaguzi huru, bila kushurutishwa, akajibu kwamba kazi ni nzuri, maji yapo na vyoo vipo. Majibu hayo yamehifadhiwa. Matangi mawili ya maji yapo ukumbini wakati wote, na kunywa au kutokunywa ni hiari ya mfanyakazi.

Aidha, katika barua yako ya 11 Machi ulithibitisha kwa maandishi kuwa mwanao "ni mzima na hana neno", na ukakanusha taarifa za ugonjwa zilizotolewa na mfanyakazi mwingine. Ofisi ilizingatia kauli yako ilipochukua hatua dhidi ya mfanyakazi huyo. Katika barua yako ya 6 Mei ulieleza kufurahishwa na hali ya mhusika. Ofisi haioni ni jinsi gani ingeweza kujua maradhi ambayo mzazi mwenyewe hakuyajua. Kwa hiyo ombi lako halikukubaliwa.

Ofisi imeona katika barua yako ya 29 Januari kwamba ulihitaji shati. Tunakutumia moja lililokataliwa na wanunuzi kwa kasoro ya kitufe, kama ishara ya ushirikiano mwema. Picha ya mhusika itaendelea kutumika getini.

Tunakutakia afya njema.

Nickolaus M.
Afisa Utumishi


Mofu,
4 Agosti 2024

Salha,

Eveline amefariki. Tumemzika Jumatano.

Mama Siwema ataleta barua hii mpaka dukani kwa baba yako akukabidhi mkononi. Nimemwambia asimpe mtu mwingine hata kama soko linafungwa.

Ulikuwa mkweli na mimi nikakutukana. Uliniandikia tarehe 3 Machi. Daktari anasema kama angefika hospitali mwezi huo, figo moja ingeweza kupona. Niliuliza mara mbili kama ameandika sawasawa, akaandika tena. Barabara ilikuwa bado inapitika mwezi huo. Nilikuwa nyumbani nachagua maneno ya kukujibu.

Walinitumia shati. Nililigeuza nikaangalia kola, siwezi kujua kama aliishona yeye au mwingine, lakini mshono umenyooka mpaka pembeni hauna kasoro, na nikajikuta naona fahari. Nakuambia hata hilo, ili unijue mimi ni mtu gani. Shati nimelitia jikoni kwenye moto na ile karatasi ya ukutani.

Tulikuwa na daftari la kuongelea, yeye kitandani na mimi kwenye kigoda, maana masikio yangu unayajua na yeye pumzi ilikuwa haimtoshi. Kila asubuhi niliandika, Umeamkaje? Akaandika, Salama, baba. Niliandika, Umelalaje? Akaandika, Vizuri. Daftari limejaa hivyo kuanzia mwanzo, salama, vizuri, sina neno, kwa mwandiko unaozidi kulala. Na mimi nilikuwa nikisoma napata nguvu. Nilikwenda hata kupalilia.

Jumapili jioni nikaikumbuka barua yake ya Matawi. Nikachukua daftari, chini ya jibu lake la asubuhi nikaandika: Kweli, mwanangu, hali ikoje?

Aliishika kalamu muda mrefu. Nilidhani amelala nayo. Halafu akaandika: Nina kiu, baba. Nina kiu tangu mwaka juzi.

Salha, daktari alikuwa ameniandikia kikombe kimoja tu cha maji kwa siku, kikombe kidogo cha kunywea chai, kwa sababu mwili wake haukuweza tena kutoa maji na yangemjaa kifuani. Cha siku ile alikuwa amekunywa asubuhi. Mtungi ulikuwa pale mlangoni, umejaa, nilikuwa nimeuteka mwenyewe. Nikamwandikia: Kesho, mwanangu. Akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaandika: Asante, baba.

Jumatatu asubuhi nikateka maji mapya, nikajaza kikombe mpaka juu, nikaandika, Umeamkaje? Hakuandika kitu.

Waombolezaji bado wanakuja. Siwasikii lakini naona midomo yao, wote wanauliza habari za hapa, na mimi siwajibu. Wanasema mzee amechanganyikiwa. Fulgensi amemwita padre.

Ukiniandikia, usianze na salamu. Niambie kama Laini ya Nne bado wana kibao kimoja, na nani amekaa kwenye cherehani yake.

Stanislaus